Kufuta Namba

Mimi ni mwandika vibao.
Kwa mkono huu niliandika KAHAWA YA MAMA UMBA
mara saba, mji mzima, kwa rangi nyekundu,
na mara saba nililipwa taslimu, dola juu ya kaunta,
enzi zile bei ya shaba ilipokuwa ikipanda kama homa
na Lubumbashi nzima ikitoka jasho kwa furaha.

La kwanza lilikuwa Kamalondo: mlango mmoja,
benchi mbili, jiko la makala.
Halikuwa na namba. Nani humpa mama yake namba?
Lilipofunguliwa la pili, Kenya (kartie, siyo nchi),
akaniita: "Rudi kule, mwisho wa jina uniandikie 1."
Nikaandika. Nyembamba, imesimama wima
kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

Ikaja 3, Ruashi.
Ikaja 4, barabara ya Kasapa, kwa wanafunzi
wanaoagiza kikombe kimoja na vijiko vinne.
5 na 6 zilifunguliwa juma moja;
rangi ya 5 haijakauka, mimi niko juu ya ngazi ya 6.
Na 7, Golf, vioo vitupu,
mashine iliyotoka Italia ikifoka mvuke,
vikombe vidogo hata mzee mmoja wa mgodi
alimaliza chake akauliza:
"Hii ni ya kuonja. Yenyewe inakuja lini?"

Kabulo, mhasibu, shati jeupe,
alikuwa na karatasi yenye mstari unaopanda.
"Mama, maduka kumi na mawili kabla ya Noeli."
Niliuona ule mstari. Sikusema kitu.
Nilikuwa nimeshakopa kwa ajili ya ngazi mpya.

Halafu huko mbali, wanakonunua shaba yetu
bila kujua harufu ya mvua yetu ya kwanza,
mtu fulani aliacha kununua.
Malori ya Kasumbalesa yakapungua.
Matanuru yakazimwa.
Wakandarasi, wale wa kahawa ya saa nne,
wakaondoka na mabegi, bili zao zikabaki.
Banki haikupandisha sauti. Ilipandisha riba.
Na magunia ya Kivu yakazidi kufika,
agizo la maduka kumi na mawili
likirundikwa nyuma ya choo cha maduka manne.

Akaniita tena. Safari hii, chokaa.
Kufuta ni kazi kuliko kuandika, hamjui.
Nyekundu hupenya; lazima upake mara tatu.
Nilianza na 7, mwenye nyumba yuko chini ya ngazi
anatazama saa. Nikafuta 6. Nikafuta 5,
iliyokuwa na miezi mitano.
Kasapa, mwanafunzi akauliza, "Baba, munafunga?"
Nikajibu mimi napaka tu.
Ruashi, Ngoie aliyekuwa akiosha vikombe
aliniomba nisubiri. Akaingia. Akatoka
na aproni yake imekunjwa vizuri kama barua,
akasema, "Haya."

Ya Kenya niliifuta usiku. Alitaka iwe usiku.

Jana, Kamalondo. Benchi zilezile, makala,
Mama Umba mwenyewe nyuma ya birika,
miguuni ndala. Hakulia, msingoje hilo.
"Kyalwe, panda. Ile moja uifute."
"Mama, hapa si hapafungwi?"
"Hapafungwi. Njo maana uifute.
Moja ni ya mutu mwenye kuhesabu."

Nikapanda. Chokaa sikutumia.
Niliikwangua kwa kisu, polepole,
maana ukuta wa chini bado ni wa bluu, ule wa zamani.
Kovu lake lipo. Ukipita saa kumi,
jua likiwa upande wa mgodi, utaliona.

Nikashuka. Akanimiminia kikombe kikubwa,
sukari mbili, bila kuniuliza.
Nikatoa pesa nikijua atazikataa.
Akazipokea,
na chenji yangu akaihesabu mara mbili.